Kikaangio cha hewa ni tanuri, si karai: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

KATIKA nyumba nyingi za Pwani ya Kusini, kuanzia Ukunda na Diani hadi Gazi, Msambweni na Vanga, karai la mafuta halipoi. Asubuhi huchomwa mahamri, alasiri viazi na bhajia, na jua linapotua huingia samaki aliyenunuliwa ufuoni.

Miaka ya karibuni, chombo kipya kimeanza kugombea nafasi na karai hilo. Ni kifaa cha umeme ambacho madukani huitwa eafraya, na ambacho kwa Kiswahili chaweza kuitwa kikaangio cha hewa. Baadhi ya watu hukinunua mjini au mtandaoni, na wengine huletewa na jamaa wanaofanya kazi Uarabuni au wanaoishi Ulaya.

Wauzaji hukisifu kwa mambo mawili: kwamba hakihitaji mafuta, na kwamba kinapika kila kitu. Sifa ya kwanza ina ukweli mwingi. Ya pili haina. Kwa familia inayotegemea mshahara wa hotelini, ambao hupungua au kukatika watalii wanapoadimika wakati wa mvua za masika, ni muhimu kuijua tofauti hiyo mapema. Asiyeijua huenda akatumia maelfu ya shilingi kununua pambo la juu ya kabati.

Kinavyofanya kazi

Kampuni ya Philips ya Uholanzi ndiyo iliyokitambulisha kifaa hiki kwa ulimwengu mwaka 2010, kutokana na ubunifu wa Mholanzi Fred van der Weij. Tangu wakati huo, viwanda vingi, hasa vya China, vimetengeneza vya aina yake kwa bei mbalimbali.

Licha ya jina lake, kifaa hiki hakikaangi. Ndani yake, upande wa juu, mna waya unaopata moto kama ule wa jiko la umeme, na juu ya waya huo mna feni. Feni husukuma hewa ya moto kwa kasi kukizunguka chakula kilichowekwa ndani ya kikapu chenye matundu. Kwa maneno mengine, hili ni tanuri dogo lenye upepo.

Hewa hiyo hukausha ngozi ya chakula kwanza, kisha huigeuza rangi na kuifanya iwe kavu na yenye kuvunjika mdomoni. Kijiko kimoja cha mafuta hutosha kufanya kazi ambayo katika karai ingehitaji nusu lita au zaidi.

Hata hivyo, mafuta yanayochemka hukigusa chakula pande zote kwa pamoja na kukipa joto haraka kuliko hewa. Ndiyo sababu kikaangio cha hewa huchukua muda mrefu zaidi kuliko karai, na ndiyo sababu baadhi ya vyakula havikubali kabisa kupikwa humo.

Vinavyokubali na visivyokubali

Samaki mzima kama vile changu au tafi hukubali vizuri. Vilevile kuku aliyekatwa vipande, mshikaki, sambusa, katlesi zilizopakwa yai na chenga za mkate, viazi vya chipsi, na mihogo iliyokwisha kuchemshwa. Vyakula hivi vina umbo lake tayari, na kinachohitajika ni joto kavu tu.

Visivyokubali ni vile vinavyoingia katika mafuta vikiwa na rojo. Viazi karai ni mfano bora. Rojo la unga linalovifunika huganda papo hapo linapogusa mafuta ya moto, lakini ndani ya kikapu hudondoka kupitia matundu kabla ya kushika. Bhajia na kaimati hupatwa na mkasa huo huo.

Mahamri nayo huhitaji mafuta ili yafure ghafla na kuwa na uwazi ndani. Katika kikaangio cha hewa hutoka kitu kinacholika, lakini kilicho karibu zaidi na skonzi kuliko hamri. Ama wali wa nazi, maharagwe na mchuzi, hivyo ni kazi ya sufuria, na hakuna haja ya kuvihamisha.

Kuchagua ukubwa

Bei nchini Kenya hutofautiana sana, kuanzia takriban Sh5,000 kwa vidogo hadi zaidi ya Sh20,000 kwa vikubwa. Maboksi huonyesha ukubwa kwa lita, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea.

Chakula katika kifaa hiki sharti kitandazwe, si kurundikwa. Kikipangwa tabaka juu ya tabaka, hewa haipiti, na matokeo yake ni viazi vilivyochemka kwa mvuke badala ya kukauka. Kwa hiyo, kilicho muhimu zaidi kuliko lita ni upana wa sakafu ya kikapu. Kikapu kipana na kifupi ni bora kuliko chembamba na kirefu chenye lita zile zile.

Kifaa cha lita tatu au nne huwafaa watu wawili. Familia ya watu watano au sita itahitaji kisichopungua lita sita, au ikubali kupika kwa mikupuo miwili, jambo linaloongeza muda na umeme. Njia rahisi ya kupima ni kwenda dukani na kuuliza kama samaki wawili wa ukubwa unaoliwa nyumbani wataenea wakiwa wamelazwa ubavu kwa ubavu.

Vifaa vyenye vitufe vya kuzungusha hufanya kazi sawa na vile vyenye kioo cha kugusa, na mara nyingi huwa nafuu. Katika maeneo ya ufuo, ambako hewa ya chumvi na unyevu hula vyuma upesi, ni vyema pia kuchunguza kama vipuri, hasa kikapu, vinapatikana. Aidha, bidhaa iliyoagizwa kutoka nje inapaswa kuwa na stika ya ubora ya Shirika la Ukadiriaji Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS).

Umeme na gharama

Vingi vya vifaa hivi hutumia kati ya wati 1,400 na 1,700. Kinachotumia wati 1,500 kikiwaka mfululizo kwa dakika 20 hula nusu uniti ya umeme. Ikiwa uniti moja inamgharimu mteja Sh28 baada ya kodi na tozo zote, mlo huo utakuwa umekula Sh14. Kwa kweli hupungua kidogo, kwa kuwa waya hujizima na kujiwasha joto linapofikia kiwango.

Hesabu haiishii hapo. Mnamo Aprili 2023, kiwango cha matumizi kinachomwezesha mteja wa nyumbani kulipa bei ya chini kabisa ya umeme kilishushwa kutoka uniti 100 hadi uniti 30 kwa mwezi. Nusu uniti kila siku ni uniti 15 kwa mwezi. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 20 kwa taa, simu na televisheni itafika 35, na huenda ikahamishiwa kundi linalolipia kila uniti bei ya juu zaidi. Mwenye nyumba hana budi kuijumlisha tofauti hiyo, kisha ailinganishe na fedha anazookoa kwa mafuta ya kupikia, makaa au gesi.

Kuna pia suala la nyaya. Kifaa cha wati 1,500 huvuta zaidi kidogo ya ampea sita, na soketi ya kawaida ya ampea 13 hukimudu bila taabu. Lakini kikichomekwa katika ekstensheni moja na birika la umeme la wati 2,000, jumla hupita ampea 14. Ekstensheni nyembamba huweza kuyeyuka na kuwasha moto. Ni salama zaidi kukichomeka moja kwa moja ukutani, na nyumba yenye nyaya kuukuu ikaguliwe kwanza na fundi mwenye leseni.

Wanaoletewa kifaa kutoka ng'ambo nao wasome kibandiko kilicho chini yake. Oman na Falme za Kiarabu hutumia volti na plagi ya pini tatu zinazolingana na za Kenya. Vifaa vya Ujerumani hulingana kwa volti lakini si kwa plagi, hivyo huhitaji adapta imara yenye waya wa ardhini. Kifaa cha Marekani kilichoandikwa volti 120 pekee kitaungua mara tu kitakapowashwa hapa.

Kwa wakazi wa vijiji vya bara kama Kinango wanaotegemea mitambo midogo ya sola ya taa na simu, kifaa hiki hakiwafai kwa sasa. Betri za mitambo hiyo haziwezi kubeba mzigo wa wati 1,500.

Somo la kwanza: samaki

Anayejifunza na aanze na samaki, kwa sababu husamehe makosa kuliko viazi. Changu wa nusu kilo aparuliwe, apasuliwe matumbo, aoshwe na kukaushwa kwa kitambaa safi. Ukaushaji huo usipuuzwe, kwani maji juu ya ngozi ndiyo yanayomfanya samaki agande kwenye kikapu.

Achanjwe mara tatu kila upande, apakwe chumvi, ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, kisha aachwe dakika 20. Kifaa kiwashwe kikiwa kitupu kwa dakika tano katika nyuzi 180. Samaki apakwe kijiko cha mafuta, alazwe kikapuni na kupikwa dakika 15 hadi 18, akigeuzwa mara moja katikati. Ameiva ikiwa nyama karibu na mfupa ni nyeupe na inaachana na mfupa bila kulazimishwa.

Atakaye samaki wa kupaka apike tui zito kando kwa ukwaju na bizari mpaka ligande kwenye mwiko. Alipake juu ya samaki aliyeiva, kisha amrudishe ndani dakika tatu au nne kwa nyuzi 200. Tui jepesi lisimiminwe kikapuni, kwa kuwa litashuka chini na kuungua.

Somo la pili: viazi na mihogo

Viazi vya chipsi vikatwe kwa unene sawa, viloweshwe katika maji baridi nusu saa, vikaushwe, kisha vichanganywe na kijiko cha mafuta. Vipikwe dakika 20 hadi 25 kwa nyuzi 190, kikapu kikitikiswa kila baada ya dakika nane. Chumvi itiwe mwishoni.

Kuloweka huondoa sehemu ya wanga na sukari, na hilo hupunguza kemikali iitwayo akrilamidi, ambayo hujitokeza vyakula vya wanga vinapochomwa kwa joto kali na ambayo wataalamu wa afya wanashauri iepukwe kadiri inavyowezekana. Kwa sababu hiyo, viazi vitolewe vikiwa na rangi ya dhahabu, visingojewe viwe vya kahawia.

Mihogo huhitaji uangalifu zaidi. Baadhi ya aina, hasa michungu, huwa na sumu ya sianidi, na joto kavu la kifaa hiki si njia ya kuiondoa. Mihogo imenywe, ichemshwe katika maji mengi hadi ilainike, na maji hayo yamwagwe. Baada ya hapo ndipo ipakwe mafuta na kukaushwa dakika 12 hadi 15 kwa nyuzi 200, kisha iliwe kwa ndimu na pilipili.

Kuku naye asitolewe kwa kutazama rangi ya ngozi tu. Hewa kali huweza kuigeuza ngozi kahawia huku nyama ya karibu na mfupa ingali mbichi. Kipande kinene kitobolewe, na maji yake yawe meupe bila damu.

Afya na usafi

Kupunguza mafuta ni faida ya kweli, hasa kwa familia yenye mgonjwa wa kisukari, moyo au shinikizo la damu. Faida nyingine ni kuepuka mafuta yanayorudiwa karaini siku baada ya siku hadi yawe meusi. Lakini kifaa hakipunguzi chumvi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, sawa na takriban kijiko kimoja cha chai, na kiasi hicho hutimia upesi kwa mpenda achari na chipsi.

Kikapu kioshwe kila baada ya kutumiwa kwa maji ya vuguvugu na sponji laini. Steeliwaya na kijiko cha chuma hukwaruza utando unaozuia chakula kushika. Kifaa kiwekwe mbali na ukuta ili hewa ya moto ipate pa kutokea, na kichomolewe umeme unapokatika, kwa kuwa unaporudi huweza kuja na nguvu ya kuunguza vifaa.

Uamuzi

Kabla ya kutoa fedha, mwenye nyumba aandike vyakula vilivyopikwa kwake kwa wiki mbili. Ikiwa samaki, kuku, viazi na sambusa vinajitokeza mara nne au tano kwa wiki, kifaa hiki kitafanya kazi yake. Ikiwa orodha imejaa wali, mchuzi, mahamri na viazi karai, fedha hizo zina matumizi bora kwingineko.

Hata atakayenunua asiharakishe kuliuza jiko la gesi wala kulitupa la makaa. Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ya Kenya ilikosa umeme kwa saa nyingi, na usiku huo aliyekuwa na jiko la pili ndiye aliyekula chakula cha moto.