Kabla ya Tofali la Kwanza

Katika vijiji vya Singida neno boma limepata maana ya pili. Ya kwanza ni ile ya wazee: zizi la ng'ombe na kaya iliyolizunguka. Ya pili imezaliwa kwenye vikao vya maendeleo: kuta za tofali za kuchoma zilizofika usawa wa linta, hazina bati, hazina mlango wala sakafu, zinaisubiri Serikali. Boma la aina hii ukilisogelea utaliona limezeeka kabla halijatumika. Udongo uliounganisha tofali umeanza kuchuruzika, kozi za juu zimelowa msimu hadi msimu mpaka kona zimemong'onyoka, na ndani ya chumba kilichokusudiwa kuwa cha kliniki ya watoto majani yamefika magotini na mbuzi wamejipatia kivuli. Kila tofali pale lina jasho la mtu. Kina mama walibeba maji kichwani, vijana walichanja kuni za tanuru, na kaya ambayo haikuwa na fedha taslimu ilitoa debe la alizeti. Ndiyo maana jambo hili lastahili kusemwa wazi: vijiji vingi huomba fedha za Serikali Kuu kwa kujenga kwanza na kuandika baadaye, na utaratibu huo unawaumiza hasa walio maskini zaidi.

Utaratibu huu haukuanza kwa ujinga. Mwaka 2004 Serikali ilipoanzisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, kila kata ilihimizwa kuwa na shule yake. Mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ukiwa na lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Mgawanyo wa kazi uliozoeleka ukawa rahisi kueleweka: wananchi wapandishe kuta, Serikali ipaue na kumalizia. Hata viwango vyake vimekuwa vikitajwa hadharani mara kwa mara katika miaka ya karibuni, Sh milioni 12.5 kumalizia boma la darasa na Sh milioni 50 kumalizia boma la zahanati. Mwanakijiji anayesikia viwango hivyo redioni anafanya hesabu ya haki kabisa: mwenye kuta atapewa, asiye na kuta atasubiri. Kasoro ni kwamba fedha za kupaua hazikuwahi kukimbia kwa kasi ya matanuru ya tofali. Mwaka baada ya mwaka taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huonyesha majengo ya halmashauri mbalimbali nchini yaliyoanza na hayakukamilika, au yaliyokamilika na hayatumiki.

Singida ina sababu zake za kuwa na haraka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,370,637 mkoani. Ile ya 2022 ilikuta idadi imevuka milioni 2. Watu hao wametawanyika katika eneo la takriban kilomita za mraba 49,000, kuanzia Iramba na Mkalama upande wa kaskazini hadi vichaka vya Itigi na Manyoni kusini, ambako kutoka kitongoji hadi zahanati ni safari ya kupangiwa siku. Mahitaji ya namna hii hayawezi kulipwa na mapato ya ndani ya halmashauri peke yake. Ushuru wa mazao, ambao kwa wilaya za alizeti na vitunguu ndio uti wa mgongo wa makusanyo, ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu, na ilikuwa stahili yake, lakini mfuko wa halmashauri ulipungua. Kwa hiyo njia kubwa iliyobaki ni kuomba juu, na swali lenye maana ni namna ya kuomba.

Kisheria ombi huzaliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inamfanya kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea kuwa mjumbe wa mkutano huo, ambao hutakiwa kukaa angalau kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, huandaa mapendekezo. Mkutano mkuu huyapitisha au huyakataa. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaojulikana zaidi kwa herufi zake za Kiingereza O&OD, uliletwa ili vipaumbele viibuliwe na wananchi wenyewe badala ya kushushwa kutoka wilayani. Kutoka kijijini ombi hupanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata, kisha ofisi ya mipango ya wilaya, halafu Baraza la Madiwani. Baada ya hapo ni Sekretarieti ya Mkoa, Tamisemi, Wizara ya Fedha na hatimaye Bunge, katika mkutano wa bajeti unaoanza Aprili ili mwaka mpya wa fedha ufunguliwe Julai 1. Mradi uliopita ngazi zote hizo unaingizwa kwenye mfumo wa mipango na bajeti, PlanRep, na kupewa kasma. Usio na kasma haulipiki, hata kama mkuu wa wilaya ameushuhudia kwa macho yake na kuupigia makofi. (Tena si kila ombi linapita njia hii. Tangu 2017 barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, na tangu 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA. Kijiji kinachomwandikia mkurugenzi wa halmashauri barua ya kisima kinaweza kupoteza mwaka mzima kwenye mlango usio wake.)

Sasa tazama kalenda hiyo ikiwekwa juu ya kalenda ya mkulima. Mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti hutoka karibu na Novemba, na halmashauri hufanya kazi nzito ya kujaza makadirio kati ya Desemba na Februari. Singida ina msimu mmoja wa mvua. Novemba watu wanatayarisha mashamba, Desemba na Januari wanapanda alizeti na mtama, Februari wako kwenye palizi. Mkutano mkuu ukiitishwa wakati huo, wanaofika ni wachache, na ni rahisi mtendaji kurudia vipaumbele vya mwaka uliopita au kuandika vya kichwani mwake. Watu wanapopata nafasi ni baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Septemba. Hapo gunia limeuzwa, kuna fedha kidogo mkononi, jua ni kali na tofali hukauka vizuri. Basi ndipo tanuru linapowashwa na msingi kuchimbwa. Miezi ileile ambayo ingetosha kukaa, kubishana, kupima kiwanja na kupeleka ombi kabla mwongozo haujatoka, ndiyo inayotumika kupandisha kuta ambazo hakuna bajeti inayozitambua. Kijiji kinaingia mwaka wa fedha kikiwa na jengo na hakina ombi.

Ombi lililokamilika si kitu kikubwa. Ni muhtasari wa mkutano mkuu wenye tarehe, orodha ya mahudhurio, agenda, azimio lililoandikwa kwa maneno kamili, idadi ya waliokubali na waliokataa, sahihi za mwenyekiti na mtendaji, na muhuri. Ni uthibitisho kwamba kiwanja ni cha kijiji na hakina mgogoro. Ni makadirio ya gharama kutoka kwa mhandisi wa halmashauri, yakifuata ramani ya wizara husika, maana chumba cha kujifungulia kilichojengwa kwa kukisia kwa hatua kinaweza kumlazimu mhandisi abomoe ukuta kabla hajaezeka. Ni takwimu: wajawazito wangapi, watoto wangapi wa chini ya miaka mitano, kituo cha karibu kiko umbali gani, nani atafanya kazi humo na atalala wapi. Swali hilo la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote. Jengo la zahanati bila mganga, bila usajili na bila fungu la dawa linabaki kuwa boma, ila boma lenye bati.

Pingamizi la kwanza naliheshimu kwa sababu limetokana na uzoefu. Wanakijiji watasema: bila kuta hatuonekani, karatasi zinapotea kwenye mafaili, lakini jengo kiongozi analiona akiwa garini. Ni kweli kwamba Serikali yenyewe imewafundisha watu hivyo kwa kutanguliza mahali ambapo nguvu za wananchi zimeonekana, na sehemu ya lawama inapaswa kubaki huko. Lakini nguvu za wananchi si kuta tu. Mawe, mchanga, kokoto, kiwanja kilichopimwa, fedha zilizokusanywa na kuhifadhiwa benki kwa jina la mradi, vyote ni mchango unaohesabika kwenye makadirio, na hakuna hata kimoja kinachoyeyuka mvua ikinyesha. Mawe yaliyorundikwa yakisubiri miaka mitatu yanabaki mawe. Ukuta wa tofali uliounganishwa kwa udongo ukisubiri miaka mitatu bila paa, unapungua thamani kila Machi, na fedha zikija mhandisi anaweza kusema ubomolewe. Tena, katika utaratibu wa kutumia mafundi wa kawaida unaoitwa fosi akaunti, kamati za kijiji za ujenzi, manunuzi na mapokezi ndizo zinazosimamia kazi. Kijiji kilichoanza na mipango kinakuwa na kamati zilizozoea kuandika kila mfuko wa saruji ulioingia na uliotoka.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: kwamba fedha hufuata wakubwa, na muhtasari wa kijiji ni mapambo. Chukua Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Kamati yake huongozwa na mbunge, na wapo wananchi wanaoamini kwamba ni fedha za mbunge za kugawa apendavyo. Sheria haisemi hivyo. Mgawo wa majimbo una kanuni: robo hugawanywa sawa kwa majimbo yote, asilimia 45 hufuata idadi ya watu, 20 hufuata umaskini na 10 hufuata ukubwa wa eneo. Kwa majimbo mapana ya Manyoni na Itigi kanuni hiyo ina maana. Ndani ya jimbo, miradi inatakiwa itokane na maombi ya wananchi, na hapo ndipo karatasi ya kijiji inapokuwa silaha. Mbunge anayetaka kupeleka mabati mahali pasipoombwa anapaswa kuyapita maombi yaliyo mezani, na mjumbe mwingine wa kamati anaweza kuyasoma kwa sauti. Kenya, iliyoanzisha mfuko wake wa majimbo mwaka 2003, imekuwa na ubishi huohuo hadi mahakamani. Mahakama yake ya Juu iliamua Agosti 2022 kwamba sheria ya mfuko huo ya 2013 ilikwenda kinyume cha Katiba. Upendeleo upo, sikatai. Lakini kijiji kisichoandika kinampa mwenye upendeleo kisingizio bora kuliko vyote: hawakuomba.

Kuna na wanaosema wananchi wasichangie kabisa, kwa kuwa wanalipa kodi katika kila lita ya mafuta ya taa na kila kilo ya sukari. Nina huruma kubwa na hoja hii. Mwanaanthropolojia Kristin Phillips, aliyefanya utafiti wa muda mrefu vijijini Singida, ameeleza jinsi ushirikishwaji wa wananchi katika ujenzi wa shule ulivyogeuka kuwa mchango wa fedha na kazi ya mikono, huku maamuzi yakibaki kwa wengine. Serikali yenyewe ilikiri uzito wa jambo hili ilipotoa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 na kufuta michango ya lazima shuleni kuanzia Januari 2016. Na mwaka 2021 ilionyesha kwamba fedha zikiwepo inaweza kujenga bila kupitisha bakuli: kutokana na mkopo wa Sh trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa wakati wa UVIKO-19, madarasa 15,000 yalijengwa nchini kwa miezi michache, kila moja kwa Sh milioni 20. Hata hivyo, fedha zilizokuja kwa kasi ile hazikuacha nafasi ya kijiji kuulizwa kama shida yake kubwa ilikuwa darasa, choo au nyumba ya mwalimu. Mchango ninaoutetea hapa ni ule wa uamuzi, ukitangulia ule wa jasho. Mtu akishaamua kwa kura yake nini kijengwe na wapi, debe lake la alizeti lina maana tofauti kabisa na lile analodaiwa na mgambo mlangoni.

Kazi hii inahitaji mtendaji mwenye daftari na mwenyekiti asiyeogopa maswali, na inahitaji kufanyika Agosti au Septemba, kabla majembe hayajatoka. Inahitaji pia wananchi wajue sehemu moja ya mkutano ambayo wengi huitumia kusalimiana na waliochelewa: yatokanayo na muhtasari uliopita. Hapo mtendaji analazimika kusoma azimio la miezi mitatu iliyopita na kusema limefika wapi, kama Kamati ya Maendeleo ya Kata ililijadili, kama liliingia kwenye makadirio ya halmashauri, na kama lilikatwa, lilikatwa na kikao kipi. Mama aliyeketi chini ya mbuyu na mtoto mgongoni ana haki ya kisheria ya kunyoosha mkono wakati huo na kuomba asomewe tarehe ambayo barua ya zahanati yao ilipokelewa wilayani.