Afya na Twahara: Mjue inzi wa kijani kabla hajatua kwenye sahani yako

Mkazi wa Jangwani au Kariakoo anamjua inzi mnene, wa kijani kinachong'aa, anayevuma juu ya utumbo wa kuku, vichwa vya samaki na panya aliyekufa mtaroni. Wataalamu humwita Chrysomya putoria.

Asili yake ni Afrika, na amezoea joto na unyevu kama wa Pwani yetu. Katika miaka ya 1970 alionekana Brazil, na tangu hapo ameenea nchi nyingine za Amerika.

Watoto wake hula mizoga na kinyesi, ndiyo maana hupenda sana vyoo vya shimo. Jike hutaga mayai mengi kwa mkupuo mmoja. Kwa joto la Dar es Salaam, mayai huanguliwa ndani ya siku moja hivi. Mabuu hula kwa siku chache, kisha hutambaa kutafuta pakavu na kujifungia ndani ya ganda. Baada ya siku kama 10 tangu kutagwa, huyo ni inzi kamili. Akitoka chooni hutua kwenye nyama, embe lililokatwa au uji wa mtoto, akiwa amebeba najisi na vijidudu vya kuhara miguuni.

Nyakati mbili zinahitaji tahadhari zaidi. Kwanza ni Mto Msimbazi unapofurika, kama Desemba 2011, maji yakasambaza taka na uchafu wa vyoo. Pili ni Idd el-Hajj, tunapochinja.

Ewe mzazi, dawa ya kupuliza huua inzi anayeruka, lakini mabuu yaliyo shimoni hubaki. Dawa ya kweli ni kumnyima pa kutaga:

1. Ukichinja, damu na utumbo vifukiwe siku hiyo hiyo, kwenye shimo refu, na udongo ushindiliwe. Ukifukia juu juu, inzi hupenya na kutoka. Kama huna pa kuchimba, funga vizuri kwenye mfuko na upeleke kwenye gari la taka.

2. Tundu la choo liwe na kifuniko, na bomba la hewa liwe na wavu.

3. Funika chakula. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kufunika vyombo vyetu.

Ukifukia utumbo wako na jirani akaacha wake wazi, inzi ni wenu nyote. Basi lizungumzeni msikitini kabla ya Idd. Wabillahi tawfiq.