Nani Ameiona Kazi Yako?

Kijana mmoja wa Hewa Bora, hapa Lubumbashi, alikwenda kuomba kazi ya kuunga vyuma kwa moto. Alichukua diploma yake na cheti cha tajiri wake wa kwanza. Kapita akavisoma vyote viwili, akavikunja vizuri, akamrudishia. "Nimesoma, mwanangu. Lakini nani ameiona kazi yako?" Kijana akakosa jibu, akarudi nyumbani kwa miguu, amejaa hasira.

Tulimhurumia, lakini hatukuweza kumlaumu kapita. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 yamlazimu tajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti chenye kutaja aina ya kazi aliyoifanya na muda wake, wala haimruhusu kutia humo sifa au lawama. Ni kinga njema, maana mwenye chuki hawezi kuandika kwamba fulani ni mvivu. Ila kwa kinga hiyo hiyo fundi hodari na fundi mzembe hutoka na karatasi zinazofanana.

Thamani ya mkono uliofundishwa yajulikana Katanga tangu zamani. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba hapa mwaka 1911, na kwa miaka mingi ilichukua watu wa mbali kwa mikataba mifupi. Mtu alipoanza kuzoea mashine, siku zake zilikwisha, akaenda zake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikageuza njia: ikatoa mikataba ya miaka 3, ikawakaribisha wake na watoto kambini. Sisi twaona humo hesabu kuliko huruma, lakini hesabu yenyewe ilikuwa sahihi.

Basi kapita amfundishe mtu namna gani, hata aweze kumshuhudia? Wakati wa vita vya 1939-1945 Wamarekani walihitaji mafundi wengi kwa haraka, wakawazoeza viongozi wa kazi kufuata hatua 4. Kwanza, mtulize mwanafunzi, ujue anachokijua tayari. Pili, mwonyeshe kazi kidogo kidogo, ukimweleza sababu. Tatu, aifanye mwenyewe mbele yako huku akieleza kwa kinywa chake. Nne, mwache peke yake, lakini umrudie mara kwa mara.

Hatua ya tatu ndiyo irukwayo na wengi. Tuliwahi kuhudhuria mafunzo ambamo mwalimu alisema kwa saa 2 mbele ya picha zilizomulikwa ukutani, maandishi yake madogo kama sisimizi. Watu wakaitikia "ndiyo, bwana", wakaenda kunywa chai. Kesho yake mmoja wao akafungua mtungi wa gesi bila kuutazama mpira wake, nao ulikuwa umepasuka. Tunamshukuru Mungu kwamba moto haukuwaka. Mwalimu angeuleta mpira ule mbele ya watu, na kila mmoja akaupapasa kwa mkono wake, dakika 10 zingetosha.

Anayefundisha hivyo hupata pia la kuandika. Barua isemayo "ni kijana mwema, wa jamaa njema" haimsaidii mtu. Nasi tumeandika kadhaa za namna hiyo, twaona haya. Mjomba amsifuye mpwa asiyejua kazi humkopesha jina lake, na jina likiharibika, mtoto wa jirani aliye hodari hatasadikiwa tena.

Kijana wetu alishauriwa aende kwa mzee mmoja wa Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière mwaka 1967. Katika mpango ulioanza mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliiacha wakiwa na malipo ya kuondokea, na baadhi yao wangali mitaani mwetu wakifanya kazi ndogo ndogo. Mzee akakataa kuandika. "Sijakuona," alisema. Akamweka uani majuma 3 kuunga mageti na vitanda vya chuma, akiyakagua maungo kwa nyundo. Mwishowe akaandika mistari 4, na mmoja ulisema: *Hufanya haraka mno kazi inapokaribia kwisha.*

Kijana akamsihi, "Baba, uondoe huo." Mzee akatia sahihi, akafunga bahasha.

Kapita alipofika kwenye mstari ule alicheka. "Huyu amekuona kweli," akasema, akampa mwezi 1 wa kujaribiwa, kuanzia Jumatatu.