Mama, Usingoje Kuachisha Mutoto

Mama mwenye mimba au mwenye kunyonyesha akiona kivimbe katika titi, mara nyingi watu wa nyumbani wanamwambia: «Ni maziwa tu. Ngoja mpaka utaachisha mutoto.» Neno hili linaweza kumuua mama.

Ni kweli, wakati huu matiti yanakuwa makubwa na mazito. Vivimbe vingi si kansere. Pengine njia ya maziwa imeziba, pengine ni jipu. Lakini kansere inapatikana pia, karibu kwa mama mumoja kati ya 3.000 wenye mimba. Mara nyingi haiumi, na vidole tu haviwezi kuitambua.

Basi, hesabu siku. Kama kivimbe hakiishi kwa majuma mawili, uende hospitali. Usiache kunyonyesha.

Watakufanya nini kule?

1. Ekografi. Hii inatangulia. Ni mashine ile ile inayoonyesha mutoto tumboni. Inatumia sauti ambayo sikio halisikii, haina miali ya radio. Haimuzuru mutoto, haiharibu maziwa.

2. Radio ya titi, ndiyo mamografi. Iko katika miji mikubwa tu. Miali yake ni kidogo na inapita katika titi. Ile inayofika kwa mutoto tumboni ni kidogo sana. Hata hivyo, useme mbele kama una mimba. Miali haibaki ndani ya maziwa: ukitoka pale, unaweza kunyonyesha mara moja.

3. Sindano. Kama picha inaleta mashaka, munganga anatia dawa ya kuzuia maumivu, halafu anatoa kipande kidogo cha kivimbe. Kinapimwa kwa mikroskopi. Wapimaji wajue kwamba una mimba au unanyonyesha.

Mbele ya kupigwa picha, nyonyesha mutoto ao kamua maziwa. Titi lisilojaa linaonekana vizuri zaidi.

Na kama ni kansere? Operesheni inaweza kufanywa hata mama akiwa na mimba, na dawa nyingine za kansere zinaweza kutolewa kuanzia mwezi wa ine. Lakini mama anayengoja mwaka muzima anaacha ugonjwa ukomae mwaka muzima.

Baba, nyanya, shemeji: musimuzuie mama. Mutafute feza ya ekografi mapema. Mutoto anahitaji maziwa, lakini zaidi anahitaji mama yake.