Sikio la Jukwaani: Lugha katika Tamasha la Tamthilia Mpya za Wanafunzi wa Chuo Kikuu

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mabweni ya Chuo cha Makerere, Kampala, yalikuwa yakishindana kila mwaka kwa michezo ya kuigiza iliyotungwa na wanafunzi wenyewe. Mashindano hayo hayakuitwa mashindano ya tamthilia wala ya sanaa. Yaliitwa Mashindano ya Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa bado akiitwa James Ngugi na kuishi katika bweni la Northcote, aliyaandikia michezo miwili: The Rebels mwaka 1961 na The Wound in the Heart mwaka 1962. Mchezo wa pili unahusu mpiganaji anayerejea kutoka kizuizini na kukuta mkewe amenajisiwa na ofisa wa Kiingereza. Ulizuiwa usipandishwe katika jukwaa la taifa mjini Kampala, kwa hoja kwamba ofisa wa Kiingereza asingeweza kutenda jambo kama hilo. Zuio hilo hutajwa mara nyingi katika historia ya fasihi ya Afrika Mashariki. Lisilotajwa sana ni jina la mashindano. Kabla mtunzi hajaandika neno la kwanza, waandalizi walikwisha kumwamulia lugha, na mzozo wote uliofuata juu ya maudhui ulifanyika ndani ya mipaka ya uamuzi huo.

Suala la lugha ndilo kiini cha mhadhara huu, unaohusu tamasha la chuo kikuu ambamo wanafunzi huandika tamthilia mpya na kuzionyesha mbele ya hadhira kwa mara ya kwanza. Tamasha la namna hiyo huweza kutazamwa kama burudani ya mwisho wa muhula, au kama zoezi la darasa lililoongezewa taa na mapazia. Hapa linatazamwa kama mahali ambapo lugha iliyozoea kusomwa hulazimika kusikika.

Ni vyema kukumbuka kwamba tamthilia andishi ya Kiswahili ina deni kubwa kwa wanafunzi. Nakupenda, Lakini... ya Henry Kuria, iliyochapishwa mwaka 1957 na kuhesabiwa miongoni mwa tamthilia za kwanza kuandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika, ilitokana na maonyesho ya wanafunzi katika shule ya sekondari ya Alliance, Kikuyu, nchini Kenya. Miaka kumi baadaye, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kabla ya mwaka 1970 kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Ebrahim Hussein aliandika michezo yake ya awali akiwa bado mwanafunzi. Alikiona na Wakati Ukuta ni michezo mifupi, yenye watu wachache na vyombo vichache, ya namna inayoweza kupandishwa ukumbini na kikundi kisicho na fedha. Kisha ikaja Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Penina Muhando, aliyesoma katika chuo hicho hicho na baadaye kufundisha hapo, alichapisha Hatia mwaka 1972 na kuifuatisha na Tambueni Haki Zetu mwaka 1973. Waandishi hawa wawili hawakusubiri kuwa wakongwe ndipo waandike. Walikuwa na jukwaa karibu, walikuwa na wenzao wa kuigiza nao, na walikuwa na hadhira iliyojua Kiswahili kuliko walivyokijua walimu wengi wa wakati ule.

Kinjeketile inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa sababu ufundi wake wa lugha hauelezeki bila jukwaa. Tamthilia hii inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na mtunzi angeweza kuifungua kwa ngoma ya vita au kwa hotuba ya kiongozi. Badala yake inafunguliwa na wanawake wawili, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, wakizungumzia njaa. Anayesoma kimya huweza kupita haraka katika mazungumzo hayo akidhani ni utangulizi tu. Anayesikiliza huyapokea kwa namna nyingine: anawasikia majirani wawili wanaojuana, wanaokatizana, wanaoacha sentensi njiani kwa kuwa mwenzake ameshaelewa. Uonevu wa Wajerumani unaingia masikioni mwake kupitia chakula kabla haujaingia kupitia siasa. Baadaye, Kinjeketile anapopandwa na mzimu wa Hongo na kutabiri, lugha inabadilika na kuwa ya mkato na ya mapigo. Mtu huyo huyo anapozinduka na kuambiwa kwamba katika maneno yake alisema watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, anaanza kujiuliza ni nani aliyekuwa akisema kwa kinywa chake. Tofauti kati ya sauti mbili za mtu mmoja ni tofauti ya kiisimu, na mwanafunzi aliyeiandika alijua kwamba itasikika.

Mwanafunzi wa leo anaanza na kikwazo ambacho si chake peke yake. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya lahaja ya Kiunguja na kusimamiwa tangu mwaka 1930 na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, kilisanifishwa hasa kwa ajili ya vitabu, shule na ofisi. Ni lugha iliyolelewa kwenye karatasi. Mtoto anayefaulu vizuri somo la Kiswahili hufundishwa kujibu kwa sentensi kamili, na akifika chuo kikuu akaandika tamthilia, wahusika wake nao hujibu kwa sentensi kamili. Mama anamngoja binti yake hadi usiku wa manane, binti anaingia, mama anasema, "Je, unaweza kunieleza ni kwa nini umechelewa kurejea nyumbani?" Sentensi hiyo haina kosa lolote la sarufi. Mwigizaji akiisema mara ya kwanza mazoezini, wenzake hucheka, naye mtunzi huona haya bila kujua alipokosea. Mama wa kweli angesema, "Ndiyo kwanza unarudi?" Au asingesema lolote, angeitazama saa ya ukutani.

Kinachokosekana kwa kawaida ni maneno madogo. Sarufi nyingi huyapa kurasa chache mwishoni, chini ya viunganishi au vihisishi, ilhali jukwaani ndiyo yanayobeba uzito. "Kwa nini huli?" ni swali linaloomba sababu. "Mbona huli?" linaomba sababu na papo hapo linatangaza kwamba muulizaji alitarajia kinyume, kwamba kuna jambo limeenda kombo. Kwa neno moja uhusiano wa watu wawili umewekwa wazi. "Eti" humwezesha mhusika kuyarudia maneno ya mwingine huku akijitenga nayo; mwigizaji mzuri halihitaji zaidi ya hilo ili kuonyesha dharau. "Si nilikwambia?" ni lawama iliyovaa vazi la swali. "Basi" huweza kufunga mjadala, kukubali kushindwa au kuanza kisa, kutegemea kiimbo. Na "kumbe" ni hazina ya pekee. Wanadharia wa tamthilia wameandika mengi kuhusu ile nukta ambapo mhusika anatambua alichokuwa hakijui, na Kiswahili kina neno zima kwa ajili ya nukta hiyo. Mtunzi anayempa mhusika wake maelezo marefu ya jinsi alivyogundua ukweli amemnyima neno ambalo hadhira nzima ilikuwa ikilingoja.

Vionyeshi navyo hutoa funzo. Katika hadithi, "huyu", "huyo" na "yule" vinaweza kubadilishana nafasi pasipo msomaji kushtuka sana. Jukwaani havibadilishani, kwa sababu kila kimoja kinampa mwigizaji mahali pa kusimama. Mhusika akimwita "yule" mtu aliye hatua mbili kutoka kwake, ama mwongozaji atalazimika kumsogeza mtu huyo, ama hadhira itaelewa kwamba anatendewa kana kwamba hayupo. Vivyo hivyo "mwulize huyo", ikitamkwa mbele ya anayetajwa, ni tusi. Mwandishi mzoefu huvitumia vionyeshi hivi kwa kusudi. Mwanafunzi huvigundua siku ya tatu ya mazoezi, pale waigizaji wanapogongana.

Maamkizi yana kesi yao. Watunzi wengi wachanga huyafuta kwa kudhani yanapoteza muda, na kwa tamthilia ya kitendo kimoja hoja hiyo ina nguvu kidogo. Lakini kijana akiingia jukwaani mahali penye mzee na kuanza kusema shida yake bila "shikamoo", ukumbi hunung'unika kabla hajamaliza sentensi, na mtunzi aliyekusudia kijana huyo awe shujaa amekwisha kumpoteza. Hakuna mwalimu anayeweza kulifundisha jambo hili kwa uzito ule ule kama mnong'ono wa watu mia moja gizani.

Hapo ndipo utaratibu wa tamasha unapozaa matunda. Mswada husomwa mezani kwa sauti, waigizaji hukwama, mistari hukatwa, mwongozaji huuliza maswali ambayo mtunzi hakuwahi kujiuliza, kisha hadhira hucheka mahali pasipotarajiwa na kunyamaza mahali palipokusudiwa kicheko. Tamthilia inayotoka upande wa pili huwa fupi kuliko iliyoingia, na Kiswahili chake huwa kimebadilika. Tamasha linalompa mtunzi onyesho moja tu, bila muda wa kuandika upya, humpa makofi na kumnyima elimu.

Majaji ndio wanaoweza kuharibu kazi hii. Fomu za tathmini mara nyingi huwa na kipengele cha matumizi ya lugha, na kipengele hicho hutafsiriwa kwa urahisi kuwa usanifu wa lugha. Mwanafunzi aliyeandika kondakta wa daladala anayesema kama kondakta wa daladala hupunguziwa alama. Aliyeandika kondakta anayesema kama mhariri wa kamusi hupongezwa. Hoja ya majaji si ya kupuuzwa, kwani kuna tamthilia zinazochanganya Kiswahili na Kiingereza kwa uvivu tu, ambamo kila mhusika, tajiri kwa maskini, huchanganya kwa kiwango kile kile. Lakini kasoro ya tamthilia hizo si kukosa usanifu. Kasoro ni kwamba wahusika wote wana mdomo mmoja, na kasoro hiyo hiyo inapatikana katika tamthilia iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu tangu mwanzo hadi mwisho. Kipimo kinachofaa ni kama msikilizaji aliyefumba macho anaweza kumtambua anayesema. Sanifu ina nafasi yake halali: ni lugha ya maelekezo ya jukwaani, ya hakimu, ya mwalimu mkuu, ya mtangazaji wa redio, na ya mtu anayejitutumua mbele ya wakwe zake.

Limebaki suala la kinachotokea pazia likishafungwa. Wanaoandika historia ya tamthilia ya Kiswahili huanza na matoleo yaliyochapishwa, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyo maktabani. Lakini Kinjeketile inajulikana kwa sababu ilipata mchapishaji, ikaingia shuleni na ikatafsiriwa kwa Kiingereza na mtunzi wake mwenyewe. Mchezo ulioonyeshwa jioni moja na kubaki katika nakala chache zilizorudufiwa kwa mashine hauna bahati hiyo. Waigizaji walihitimu wakaondoka na kurasa zao, na fasihi ikabaki na jina la onyesho, pengine hata jina halikubaki. Kwa mwanaisimu hasara ni ya namna mbili, maana miswada ya wanafunzi ni miongoni mwa kumbukumbu bora za namna vijana wa wakati fulani walivyodhani watu huzungumza. Siku hizi hasara imebadilika sura bila kupungua: mswada umo katika simu au kompyuta ya mtunzi, na kifaa kikiharibika au kuibiwa, umekwenda.

Maktaba ya chuo inaweza kuizuia hasara hiyo kwa gharama ndogo. Kwa kila tamthilia ya tamasha inatosha kuhifadhi mswada kama ulivyowasilishwa kabla ya mazoezi, mswada kama ulivyokuwa usiku wa onyesho, na sauti ya onyesho lenyewe pamoja na kelele za hadhira. Mtafiti atakayeviweka vitu hivyo vitatu mezani ataweza kuona ni mstari gani ulikatwa na kusikia mahali ukumbi uliponung'unika. Hata sentensi ya yule mama na saa yake ataikuta: kwanza ndefu na sahihi, halafu fupi, halafu imefutwa kabisa.