Kuitazama Picha ya Mwenzako: Maoni Yanayomjenga Mpigapicha wa Ridhaa

Zamani katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, aliyetaka kujua kupiga picha alilazimika kuingia katika studio ya mtu aliyemtangulia, akawa anashika taa, anaosha karatasi katika chumba cha giza, na kusikiliza jinsi mwenye studio anavyoikubali kazi moja na kuikataa nyingine. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, alikuwa kwanza amefanya kazi kwa A. C. Gomes, mpigapicha aliyekuwa na jina katika mji huohuo. Leo njia hiyo imefifia, kwa kuwa kamera imo ndani ya simu, na mpigapicha wa ridhaa, yaani yule anayepiga kwa mapenzi yake bila kutegemea malipo, hujifunza zaidi kutoka kwa wenzake ambao nao wanajifunza. Maoni ya wenzake ndiyo shule yake, na shule hiyo ikiwa dhaifu, hana pengine pa kukimbilia.

Udhaifu wake unafahamika. Picha ikioneshwa kikundini, wengi husema "kali sana", wachache hunyamaza, na mmoja anayejiona fundi huiponda kwa sentensi moja kisha akageukia mambo mengine. Wanaokwepa kusifu hujitetea kwa methali ya mgema, ambaye akisifiwa tembo hulitia maji, lakini kosa halimo katika sifa yenyewe bali katika sifa isiyotaja kitu. Mpigapicha aliyeambiwa kwamba uso wa bibi umetoka vizuri kwa sababu mwanga ulimfikia ubavuni kupitia mlangoni, anaweza kesho kumweka mtu mwingine penye mlango mwingine akapata matokeo ya namna hiyo. Aliyeambiwa "kali" hajui arudie nini. Sifa, sawa na lawama, inadai ushahidi unaoonekana ndani ya picha.

Edmund Burke Feldman, mwalimu wa sanaa wa Marekani, aliupanga uhakiki wa kazi ya sanaa katika hatua nne: kueleza kilichopo, kuchambua jinsi kilivyopangwa, kufasiri maana yake, na hatimaye kutoa hukumu. Faida kubwa ya utaratibu huu ni kwamba hukumu huja mwisho, ilhali katika mazungumzo ya kawaida ndiyo hutangulia na mara nyingi hubaki peke yake. Hatua ya kwanza huonekana ya kitoto, kwa kuwa kila mtu anakiona kilichomo pichani. Hata hivyo, anayejilazimisha kukitaja kwa sauti hugundua haraka kwamba nusu yake hakuwa amekiona.

Ichukuliwe picha ambayo wapigapicha wengi hujaribu kuipata Forodhani, Unguja, jua linapoelekea kuzama: kijana amejirusha kutoka ukutani na yumo hewani kabla ya kuifikia bahari. Tuseme mwili wake hauonekani vizuri, na mtoa maoni akasema tu kwamba picha "ina ukungu". Kauli hiyo ni ya kweli, ila haimsaidii mwenye picha, kwa sababu ukungu una vyanzo zaidi ya kimoja na kila chanzo kina dawa yake. Ikiwa ukuta na majahazi yaliyo nyuma vimetoka vikali huku kijana akiwa ameburuzika kuelekea upande anakoruka, shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, lilikaa wazi muda mrefu mno. Kasi ya sehemu 1 ya 60 ya sekunde haiwezi kumsimamisha mtu anayeruka, ila sehemu 1 ya 500 au zaidi inaweza. Ikiwa kila kitu, ukuta kwa kijana, kimeburuzika kuelekea upande mmoja, basi iliyotikisika ni kamera. Na ikiwa kijana amelainika kingo zote bila mburuzo wowote, huku jahazi la mbali likiwa kali hadi kamba zake zinahesabika, fokasi ndiyo iliyokwenda pasipotakiwa. Mtoa maoni aliyetazama kwa makini hivyo ndiye anayeweza kumpa mwenzake jambo la kufanya jioni inayofuata, na bila jambo la kufanya, maoni hubaki kuwa tangazo la hisia za msemaji.

Hali ni hiyohiyo katika picha za Idd, ambazo kila mwaka hulalamikiwa kwamba nyuso zimetoka nyeusi. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hukisia kwamba kinachopimwa kina ung'avu wa wastani, wa kijivu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kikielekezwa kwenye kundi la watu waliovaa kanzu nyeupe juani, hudhani mwanga umezidi, hupunguza, na matokeo yake kanzu hugeuka kijivu na nyuso za watu weusi huzama gizani. Kwa aliyejifunga buibui jeusi mbele ya mlango wa mbao nzito hutokea kinyume: mwanga huongezwa, buibui hupauka na uso hupoteza rangi yake. Anayelijua hili hasemi kwamba mwenzake hajui kupiga picha za watu. Humwambia kwamba kanzu zimekipotosha kipima mwanga, kisha humwonesha fidia ya mwangaza, kidhibiti chenye alama za kujumlisha na kutoa ambacho humruhusu mpigapicha kuongeza au kupunguza kile ambacho kamera imekadiria. Kwenye simu nyingi hutosha kugusa uso wa mtu katika kioo na kupandisha alama ya jua. Atamtahadharisha pia kwamba akiongeza sana kanzu itaungua, yaani weupe wake utapoteza mikunjo na darizi, na kwamba wakati mwingine suluhisho bora ni kuwahamishia watu kwenye kivuli cha baraza.

Zaidi ya ufundi kuna nia, na hapo ndipo watoa maoni wengi hukosea njia. Liz Lerman, mcheza dansi na mbunifu wa dansi wa Marekani, mwaka 1990 alianza kuunda utaratibu wa kujadili kazi za sanaa ambao kwanza watazamaji hutaja kilichowagusa, kisha msanii huuliza maswali yake, kisha watazamaji huuliza yao yasiyobeba hukumu ndani, na mwishoni hutoa maoni yao ikiwa msanii amekubali kuyasikia. Maswali ya aina hiyo yanahitaji mazoezi. "Kwa nini umeacha mbingu kubwa namna hii?" ni lawama iliyovaa nguo za swali, ilhali "Ulipopanga fremu, ulitaka mbingu ifanye kazi gani?" humpa mwenye picha nafasi ya kufikiri, na huenda akajibu kwamba alitaka kijana aonekane mdogo mbele ya upana wa bahari. Baada ya jibu hilo, hoja si tena mbingu kuwa kubwa, bali kama ukubwa wake umetimiza kilichokusudiwa.

Bila kuuliza nia, mtoa maoni hukimbilia kanuni. Inayotumiwa kupita kiasi ni kanuni ya theluthi, inayoigawa picha kwa mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo na kushauri kitu muhimu kiwekwe karibu na makutano ya mistari hiyo. Ilikwisha kuandikwa na Mwingereza John Thomas Smith mwaka 1797, kabla ya upigaji picha kuwapo, akizungumzia michoro ya mandhari. Ni msaada mzuri kwa anayeanza, lakini si sheria, na picha haiwi mbaya kwa sababu tu mtu amesimama katikati yake.

Namna ya kusema nayo ina uzito katika jamii inayoheshimu umri. Kijana anayeiona kasoro katika picha ya mtu mzima hapaswi kunyamaza, ila ataeleweka vizuri zaidi akianza na "Mzee wangu, naomba kuuliza kuhusu huu mlingoti uliotokea kichwani kwa kijana", kuliko akitangaza kosa mbele ya watu. Mkubwa naye anaposema na mdogo wake aizungumzie picha, si tabia ya aliyeipiga: "upeo wa bahari umeinama kulia" ni habari inayorekebishika, ilhali "wewe huna umakini" ni jeraha tu. Kasoro zikiwa saba, itajwe moja au mbili zinazoiathiri picha zaidi, kwa kuwa mtu hawezi kusahihisha mambo saba katika matembezi ya jioni moja.

Suala moja, hata hivyo, halifai kupunguzwa makali. Ikiwa picha inaonesha mtu ambaye dhahiri amegeuza uso au ameinua mkono kukataa kupigwa, kikundi kinachojadili mwanga na fremu huku kikilipuuza katao hilo kinamfundisha mwenzao vibaya. Kuuliza kama idhini ilipatikana ni sehemu halali ya uhakiki, sawasawa na kuuliza kuhusu fokasi.

Wanaokutana kutazama kazi za wenzao wajaribu utaratibu mwepesi: kila mmoja alete picha moja tu iliyochapishwa kwenye karatasi, aandike nyuma yake swali analotaka lijibiwe, na akae kimya mpaka wenzake wamalize kueleza wanachokiona, kisha aigeuze karatasi, alisome swali lake, na mazungumzo yaanzie hapo.