Sensa Yako ya Mwendo Inalala Kazini? Cheki Vile Tuliuma Nje Mara 5

Beste yangu ni wa nduthi. Mwaka jana mbogi yetu ilimtengenezea kaboksi ka kunasa ajali: Arduino Uno na chipu ya MPU-6050, ile hupima mshtuko na mzunguko. Wiki ya pili tuta likamuangusha. Mguu ulivimba, kioo kikaenda. Kucheki kaboksi, data imetulia kama Jumapili asubuhi. Eti hakuna ajali!

Chipu haikuwa na makosa. Kishindo huisha kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kodi yetu (si ile ya landilodi) ilikuwa inasoma mara 10 tu kwa sekunde. Chipu hiyo hiyo hutoa vipimo 1,000. Hapa ndio tulichoma:

1. delay(100)
Tuliiweka ndio namba zisomeke kwa skrini. Hiyo ni kulala kazini. Toa.

2. Waya ya I2C
Arduino huanza na 100 kHz. Seti moja ya vipimo, pamoja na joto, ni baiti 14. Seti 1,000 ni baiti 14,000, na 100 kHz haipitishi zaidi ya 11,000 hivi kwa sekunde. Haiingii, msee. Andika Wire.setClock(400000), mlango unapanuka mara nne.

3. Serial 9600
Hapa wengi hukwama. 9600 hubeba herufi 960 hivi kwa sekunde. Mstari wa namba sita ni kama herufi 30, kwa hivyo unapata mistari 32 pekee. Hata 115200 haitoshi. Panda 500000, na utume baiti mbichi badala ya maandishi.

4. Kusahau FIFO
Ndani ya chipu kuna kastoo ka baiti 1,024. Ukiacha joto nje, seti ni baiti 12, kwa hivyo zinaingia 85. Kwa spidi ya 1,000 kanajaa kabla sekunde 0.1 iishe, na kakijaa data ya zamani inafutwa. Chota mapema, kidogo kidogo, juu bafa ya Wire kwa Uno ni baiti 32 tu. Seti mbili kwa safari.

5. Kipimo kidogo
Chipu ikiwaka huwa kwa ±2 g. Kishindo kikipita hapo kinakatwa. Weka ±16 g.

Kitu ingine: weka CONFIG 1 na SMPLRT_DIV 0, upate 1,000 kamili. Ukizima filta, mzunguko unapanda 8,000 lakini mshtuko unabaki 1,000, so utakuwa unarudia namba zile zile.

Tulirekebisha, tukadondosha kaboksi kwa godoro mara kadhaa. Kila mara mlima ulionekana kwa grafu, wazi kabisa. Sahi kako chini ya kiti cha nduthi. Tunaomba tu kasiwahi pata kazi.